Berlin: wilaya ni 12, lakini familia itafute nyumba mtaa upi?

Kitungule aliuliza:

Habari za humu wakuu. Naomba mwongozo wa wanaoifahamu Berlin kwa ndani, si kwa macho ya mtalii. Familia ya watu watatu inahamia huko mwanzoni mwa Oktoba. Baba anaanza masomo ya kemia kwenye kampasi ya Adlershof, mama kazi yake iko jirani na kituo cha Zoologischer Garten, mtoto ana miaka mitatu. Kila tovuti inaipa wilaya neno moja na kuishia hapo: hii ya wasanii, ile ya matajiri, nyingine "usipite usiku". Hilo halimsaidii mtu anayetafuta nyumba.

Ninachotaka kujua ni wilaya zenyewe zinatofautianaje hasa, na kwa nini. Tuanze kutafuta wapi? Na mtu akipata nyumba wilaya moja, je, analazimika kufuatilia mambo yake yote ya ofisi kwenye wilaya hiyo hiyo?

Mpima Ramani alijibu:

Ndugu Kitungule, acha kutafuta kwa wilaya, tafuta kwa mtaa. Wilaya 12 unazoziona zilianza Januari 2001, zilipounganishwa zile 23 za zamani, na muungano huo uliwaweka pamoja majirani wasiofanana kabisa. Mitte ina jengo la bunge na mahoteli ya Unter den Linden, lakini Wedding na Moabit nazo ni Mitte. Pankow inaanza na Prenzlauer Berg, maghorofa yaliyobanana na mikahawa kila kona, halafu inakwenda kaskazini hadi Buch, karibu na mashamba. Kusema "Pankow ni ghali" au "Mitte ni ya kitalii" ni kusema nusu ya jambo. Wenyeji wana neno lao, Kiez, yaani eneo ambalo mahitaji ya kila siku unayapata kwa miguu. Hicho ndicho kipimo cha kutumia.

Tofauti za Berlin zina asili tatu, na ukizijua utaweza kuusoma mtaa wowote kabla hujaufikia.

Ya kwanza ni mwaka 1920. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo Berlin ilimeza miji saba iliyoizunguka, vijiji 59 na maeneo 27 ya mashamba makubwa. Charlottenburg, Spandau, Köpenick, Lichtenberg, Neukölln, Schöneberg na Wilmersdorf ilikuwa miji kamili, yenye halmashauri zake. Spandau imetajwa kwenye maandishi tangu 1197, miaka 40 kabla ya Cölln, pacha wa Berlin ya kale, iliyotajwa 1237. Ndiyo maana jiji hili halina kitovu kimoja. Mtu wa Spandau au Köpenick ana mji mkongwe wake, soko lake na jumba la halmashauri lake, na anaweza kumaliza mwezi bila kukanyaga Alexanderplatz. Kwa familia hilo ni jema: usione mtaa uko mbali na "mjini" ukadhani uko porini.

Ya pili ni majengo. Mwaka 1862 mhandisi James Hobrecht alitoa ramani ya barabara pana na viwanja vikubwa mno. Wenye viwanja wakavijaza: nyumba ya mbele inayotazama barabara, mabawa ya pembeni, nyumba ya nyuma, ua nyuma ya ua. Kanuni ya ujenzi ya 1853 ilidai ua usiopungua mita 5.34 kwa 5.34 tu, nafasi ya kugeuzia pampu ya zimamoto, na wengi walijenga kwa kipimo hicho hicho. Nyumba hizi, Altbau, ndizo zinazotawala Wedding, Moabit, Prenzlauer Berg, Friedrichshain, Kreuzberg na kaskazini ya Neukölln. Dari ni ndefu, kuta nene, sakafu za mbao. Tatizo ni mwanga. Ghorofa ya tatu ya nyumba ya mbele ni tofauti kabisa na chumba cha chini cha nyumba ya nyuma, ambako jua halifiki majira ya baridi na ukuta huota ukungu. Tangazo likisema Hinterhaus (nyumba ya nyuma) au Seitenflügel (bawa la pembeni), uliza ghorofa ya ngapi na madirisha yanatazama upande gani. Faida yake ni utulivu, kelele za barabarani haziingii uani.

Uliza pia joto linatoka wapi. Zentralheizung au Fernwärme ni joto la jengo zima, na gharama yake huwa ndani ya malipo ya mwezi. Gasetagenheizung ni boila ya gesi ndani ya nyumba yako: mkataba wa gesi unaufunga mwenyewe, kwa hiyo kodi iliyoandikwa inaonekana ndogo kuliko utakachokilipa. Hapo ndipo wageni wengi wanapotoka nje ya bajeti.

Mashariki ya mbali, yaani Marzahn, Hellersdorf na Hohenschönhausen, utakuta maghorofa ya vipande vya zege, Plattenbau, mengi ya miaka ya 1970 na 1980. Watu huyadharau kwa sura, nami naona wanakosea. Lifti mara nyingi ipo, joto ni la uhakika, nafasi za kijani kati ya majengo ni kubwa, na shule ziko ndani ya mtaa. Kasoro ni dari fupi, kuta zinazopitisha sauti, na umbali. Kusini-magharibi, Dahlem, Grunewald na Zehlendorf, kuna majumba yenye bustani. Wenye fedha walikwenda huko kwa sababu upepo wa Berlin huvuma zaidi kutoka magharibi, moshi wa viwanda ukaelekea upande wa pili. Halafu kuna mitaa, mingi ya miaka ya 1920, iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi ili kuwatoa kwenye zile nyua zenye giza. Sita kati ya hiyo iliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, mojawapo Hufeisensiedlung ya Bruno Taut kule Britz, jengo refu lililopinda kama kwato ya farasi likizunguka bwawa. Ukipata nyumba kwenye mitaa hii usiiache: vyumba ni vidogo, lakini kila kimoja kina mwanga.

Ya tatu ni Ukuta, 1961 hadi 1989. Kreuzberg, Wedding na Neukölln zilijikuta pembezoni mwa Berlin Magharibi. Kodi zikashuka, na wafanyakazi waliokuja kutoka Uturuki baada ya mkataba wa Oktoba 1961 wakapangishwa kwenye majengo yaliyokuwa yakisubiri kubomolewa. Mwaka 1975 serikali ya jiji ikawazuia hata wageni wapya kuhamia Kreuzberg, Wedding na Tiergarten. Ukuta ulipoanguka, Kreuzberg ikawa katikati ya jiji, na kodi yake leo inaonyesha hivyo. Prenzlauer Berg, upande wa mashariki, iliachwa ichakae, ikakarabatiwa miaka ya 1990, na sasa ni mtaa wa familia zenye kipato, viwanja vya watoto kila baada ya nyumba chache, na nyumba tupu karibu hakuna.

Wilaya nyingine kwa haraka. Charlottenburg-Wilmersdorf ni Magharibi ya zamani: Kurfürstendamm, nyumba kubwa, wakazi wa umri mkubwa, migahawa ya Kiasia Kantstraße. Tempelhof-Schöneberg imegawanyika, Schöneberg hai na ya kati, Tempelhof ya kawaida na tulivu, na kando yake uwanja wa ndege uliofungwa 2008 ambao sasa ni bustani. Reinickendorf ni nyumba za familia, maziwa, na maghorofa ya Märkisches Viertel. Tangu uwanja wa Tegel ulipofungwa Novemba 2020 kelele za ndege zimekwisha. Lichtenberg ina jamii kubwa ya Wavietnam, wengi walikuja kama wafanyakazi wa mkataba enzi za Ujerumani Mashariki, na soko lao Dong Xuan liko Herzbergstraße. Treptow-Köpenick ndiyo kubwa kuliko zote kwa eneo, misitu na maji kwa sehemu kubwa, na ndiyo yenye Adlershof. Kuhusu usafiri wenu, nawaachia wanaoijua reli kuliko mimi.

Bingwa wa Reli alijibu:

Kitungule, kwa familia hii kuna jambo moja la kuanzia: treni S9 ya S-Bahn, yaani reli ya jiji. Inatoka uwanja wa ndege BER, inapita Adlershof, Schöneweide, Baumschulenweg, Treptower Park, Warschauer Straße, Alexanderplatz, Hauptbahnhof, Zoologischer Garten, Charlottenburg hadi Spandau. Yaani baba na mama wanaweza kupanda njia moja, kila mtu upande wake, bila kubadilisha treni. Nyumba yoyote ya kutembea dakika kumi kutoka kituo cha S9 inawafaa wote wawili.

Udhaifu wa S9 ni kwamba hupita kila dakika 20. Ukiikosa asubuhi ya baridi utaisikia. Kwa hiyo msitegemee S9 peke yake, chagueni kituo chenye njia mbadala. Kutoka Adlershof zipo pia S8 na S85 zinazokwenda Treptower Park na Ostkreuz, na S45 na S46 zinazokwenda Neukölln, Tempelhof na Südkreuz. Ostkreuz unabadilisha kwenda njia ya katikati ya jiji, S3, S5 au S7, na hapo treni zinafuatana kwa dakika chache.

Kwa mpangilio huo ningeanzia Baumschulenweg. Maduka yapo barabara kuu, bustani ya Treptow na mto Spree viko karibu, na treni zote za Adlershof nilizozitaja husimama hapo. Kodi haijafika ya Kreuzberg ingawa mtaa unapakana na Neukölln. Baada ya hapo Schöneweide na Johannisthal. Oberschöneweide ilikuwa ngome ya viwanda vya umeme vya AEG, majengo ya matofali ya njano kando ya mto, na sasa kuna chuo kikuu cha ufundi, HTW. Ni mtaa unaobadilika, una tramu nyingi. Johannisthal ni tulivu zaidi, ila ukiwa mbali na kituo cha S-Bahn cha Johannisthal, utategemea tramu au basi hadi Schöneweide. Adlershof yenyewe ni sawa kwa baba, lakini kitongoji cha chuo hupoa jioni, na mama atakaa ndani ya treni muda mrefu zaidi.

Pendekezo ambalo wengi hawalifikirii ni Karlshorst, wilaya ya Lichtenberg. Baba anapanda tramu M17 hadi Adlershof. Mama anapanda S3 moja kwa moja hadi Zoologischer Garten. Mtaa una bustani, nyumba za mwanzo wa karne ya 20, shule, na watoto wengi. Jengo ilimotiwa saini hati ya Ujerumani kusalimu amri Mei 1945 liko hapo, na sasa ni makumbusho.

Msihamie Charlottenburg kwa sababu tu kazi ya mama iko huko. Baba atavuka jiji zima kila siku, na kodi ni kubwa. Spandau pia ni mbali mno kwa mwanafunzi wa Adlershof, hata kama treni ni ile ile.

Tahadhari za usafiri. Ramani ya nauli ina kanda tatu: A ni ndani ya reli ya mzunguko, B ni hadi mpaka wa jiji, C ni nje ya jiji. Mitaa yote niliyotaja iko ndani ya AB. Uwanja wa ndege BER uko Schönefeld, nje ya mpaka, kanda C, na familia nyingi hutozwa faini siku ya kwanza kabisa kwa kununua tiketi ya AB. Tiketi ya karatasi lazima ipigwe muhuri kwenye kisanduku kabla ya kupanda, vinginevyo ni sawa na kutokuwa na tiketi. Faini ni yuro 60. Wakaguzi wengine huvaa nguo za kawaida. Kwa kazi ya kila siku chukueni Deutschlandticket, ya kila mwezi, inafanya kazi kwenye usafiri wa mijini na treni za mikoa nchi nzima. Ilikuwa yuro 49 ilipoanza Mei 2023, ikawa 58 Januari 2025, na 63 Januari 2026. Mwanafunzi aangalie kwanza kama tayari anayo ya bei nafuu kupitia ada ya muhula, asilipe mara mbili.

Jambo la mwisho ni tramu. Berlin Magharibi iling'oa tramu zake, ya mwisho ilipita tarehe 2 Oktoba 1967. Mashariki ilizibakiza. Hivyo ukiangalia ramani ya Lichtenberg, Pankow au Köpenick usitazame U (U-Bahn, reli ya chini ya ardhi) na S (S-Bahn) tu, ukadhani mtaa hauna usafiri. Tramu zenye herufi M ndizo uti wa mgongo huko, na zinapita hata usiku. U-Bahn usiku kucha ni wikendi tu, siku za kazi inabadilishwa na mabasi ya usiku. Kelele za ndege nazo ziangalieni: Bohnsdorf na Müggelheim ziko kwenye njia za BER. Kabla ya kusaini mkataba huko, simama nje ya nyumba saa moja asubuhi usikilize.

Mama Neema B. alijibu:

Kaka Kitungule, nijibu la ofisi, kwa sababu ndilo linalowachanganya watu.

Kuandikisha makazi, Anmeldung, unaweza kwenda Bürgeramt, ofisi ya huduma kwa wakazi, yoyote ya Berlin, si lazima ya wilaya yenu. Sheria inataka mjiandikishe ndani ya wiki mbili tangu kuingia kwenye nyumba. Mnahitaji pasipoti za wote watatu, fomu, cheti cha ndoa na cha kuzaliwa cha mtoto, na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha mmehamia, Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa kupanga haukubaliki badala ya karatasi hiyo, na hapo ndipo wengi wanarudishwa mlangoni. Nafasi za miadi zinaonekana zimejaa kwa wiki nyingi. Fungua ukurasa wa miadi asubuhi mapema, tafuta jiji zima, na urudie mchana, maana watu huahirisha na nafasi hizo hutokea kwa dakika chache tu. Ofisi za pembezoni kama Köpenick au Spandau huwa na nafasi kabla ya za katikati. Ukionyesha kwamba ulitafuta miadi ndani ya wiki mbili, kuchelewa kwa sababu ya foleni hakuwi shida. Hifadhi picha ya skrini.

Kibali cha kukaa ni ofisi moja ya jiji zima, wilaya haihusiki. Lakini mtoto ni jambo la wilaya. Vocha ya chekechea, Kita-Gutschein, hutolewa na Jugendamt, ofisi ya watoto na vijana, ya wilaya mnayoishi. Inaombwa si mapema zaidi ya miezi tisa na si chini ya miezi miwili kabla ya mtoto kuanza. Kita yenyewe Berlin haina ada tangu Agosti 2018. Mnalipia chakula, yuro 23 kwa mwezi, na pengine nyongeza ndogo ya kituo. Vocha si nafasi. Vocha inasema tu kwamba mtoto ana haki ya saa kadhaa kwa siku. Nafasi mnaitafuta wenyewe kwa kuandikia vituo. Vocha ya wilaya moja inatumika Kita yoyote Berlin, kwa hiyo Kita iliyo njiani kwenda kituo cha treni ni bora kuliko iliyo karibu na nyumba lakini upande wa pili.

Shule ya msingi hugawiwa kwa anwani. Kila mtaa una shule yake, na hapa shule ya msingi ni miaka sita. Mtoto wa miaka mitatu bado, ila familia zikipanga kukaa muda mrefu huangalia jambo hili mapema, maana kuhama barabara mbili kunaweza kubadilisha shule.

Nyumba sasa. Jiji lina kampuni sita za nyumba: degewo, GESOBAU, Gewobag, HOWOGE, STADT UND LAND na WBM. Matangazo yao yote yanakusanywa kwenye tovuti moja, inberlinwohnen.de. Kila moja ina maeneo yake: HOWOGE imejaa Lichtenberg, GESOBAU Pankow, Wedding na Märkisches Viertel, STADT UND LAND Neukölln, Treptow na Hellersdorf, WBM Mitte na Friedrichshain. Kwa njia zile alizozitaja Bingwa wa Reli, fuatilieni zaidi STADT UND LAND, degewo na HOWOGE. Baadhi ya nyumba zinadai hati ya kipato kidogo, WBS, ambayo huombwa kwenye ofisi ya nyumba ya wilaya. Mwanafunzi mwenye familia aiombe mapema.

Kodi ina sura mbili. Kaltmiete ni ya nyumba tupu, Warmmiete inajumuisha maji, usafi wa jengo, taka na kwa kawaida joto. Umeme na intaneti ni juu yenu. Dhamana haiwezi kuzidi Kaltmiete tatu, na mna haki ya kuilipa kwa awamu tatu za kila mwezi. Juu ya hapo kila nyumba inalipa ada ya utangazaji yuro 18.36 kwa mwezi, mwe na televisheni au msiwe nayo. Barua ya kwanza itakuja baada ya kujiandikisha, msiitupe.

Jambo la kukazia: hakuna kutuma pesa kabla ya kuiona nyumba na kusaini. Tangazo la nyumba nzuri Prenzlauer Berg kwa kodi ya chini, mwenye nyumba "yuko nje ya nchi" na ufunguo "utatumwa kwa posta", ni wizi kila mara.

Shaaban wa Rixdorf alijibu:

Wakuu wamesema vizuri. Naongeza Neukölln na Wedding, maana ndizo zinazosemwa vibaya kuliko zote, na ndizo mgeni kutoka Afrika Mashariki atakazozihitaji hata kama haishi huko.

Neukölln ni miji miwili. Kaskazini, ndani ya reli ya mzunguko, ni Altbau, Sonnenallee yenye maduka na mikate ya Kiarabu, Karl-Marx-Straße, na soko la Maybachufer Jumanne na Ijumaa, ambako mboga na samaki hushuka bei jioni kabla ya kufunga. Katikati yake kuna Rixdorf, kijiji ambacho Wabohemia waliokimbia mateso ya dini walipewa ardhi mwaka 1737. Nyumba za chini na mazizi bado vipo. Kusini, Britz, Buckow na Rudow, ni bustani, nyumba za familia na maghorofa ya Gropiusstadt. Mtu akikwambia "usiishi Neukölln" muulize anasema kaskazini au kusini. Rudow ni tulivu kuliko sehemu nyingi za Charlottenburg.

Kuhusu usalama, yapo maeneo ya kuwa macho: Kottbusser Tor, bustani ya Görlitzer na Leopoldplatz, ambako biashara ya dawa za kulevya iko wazi, na tangu Februari 2025 kubeba kisu kumepigwa marufuku katika sehemu hizo tatu. Hayo ni maeneo ya mita mia kadhaa, si wilaya nzima. Familia hukaa barabara mbili kutoka hapo bila shida. Kwa Mwafrika kuna upande mwingine wa kupima: matusi na vitisho vya kibaguzi. Pembezoni mwa mashariki vyama vya mrengo mkali wa kulia vina nguvu, na kwenye uchaguzi wa bunge wa Februari 2025 jimbo la Marzahn-Hellersdorf lilichukuliwa na AfD. Haimaanishi kila jirani huko ni adui, na kodi nafuu imewapeleka wengi wetu. Inamaanisha utembelee mtaa jioni na wikendi, si mchana wa Jumatano tu, kabla ya kuamua.

Kwa chakula, maduka ya Kiafrika ni mengi Wedding, kando na karibu na Müllerstraße, njia ya U6. Unga mweupe wa mahindi, mihogo, ndizi za kupika na dagaa vinapatikana. Maduka ya Kituruki ya Neukölln na Kreuzberg yanatosha kwa nyama ya halali, bamia, pilipili na kunde kwa bei nzuri.

Na mkiwa Wedding, shukeni kituo cha Afrikanische Straße. Mtaa huo unaitwa Mtaa wa Afrika, barabara zake zilianza kupewa majina 1899, wakati wa ukoloni: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Mojawapo, Petersallee, iliitwa kwa jina la Carl Peters, yule yule wa mikataba ya Usagara ya 1884. Wanaharakati waliipinga kwa miaka mingi. Agosti 2024 iligawanywa na kupewa majina mapya: kipande kimoja Maji-Maji-Allee, kingine Anna-Mungunda-Allee, kwa mwanamke wa Namibia aliyeuawa 1959 akipinga ubaguzi. Neukölln nako, barabara iliyokuwa ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri pwani, tangu 2021 inaitwa Lucy-Lameck-Straße. Ndiyo, Lucy Lameck wetu wa Moshi. Iko karibu na Hermannplatz, U7 na U8. Watoto wetu wanaokulia hapa wanastahili kuoneshwa kibao hicho.

Kitungule aliandika:

Nimepata zaidi ya nilichoomba. Asanteni sana wote, Bi Mama Neema shukrani za pekee kwa habari ya Kita. Tunaanza na Baumschulenweg na Karlshorst. Swali la mwisho: kuna tangazo la nyumba "Bahnhofstraße", halina picha ya nje. Ramani inanipa Bahnhofstraße zaidi ya moja ndani ya Berlin hiyo hiyo. Ni kosa la tangazo?

Mpima Ramani alijibu:

Si kosa. Ni ule mwaka 1920 tena. Miji na vijiji vilipounganishwa kila kimoja kilikuwa na barabara yake ya stesheni, ya kanisa, ya kwenda Berlin, na mengi ya majina hayo yalibaki. Bahnhofstraße na Berliner Straße ziko kadhaa. Kinachotenganisha ni namba ya posta. Zinazoanza na 10 ni katikati ya jiji, 12 ni kusini na kusini-mashariki, ikiwemo Adlershof na Baumschulenweg, 13 ni kaskazini na Spandau, 14 ni magharibi na kusini-magharibi. Karlshorst iko kwenye 10, kwa hiyo usiichukulie 10 kuwa ndani ya reli ya mzunguko moja kwa moja. Tangazo lisilo na namba ya posta, iombe kabla ya kufanya lolote.

Siku ya kwenda kuangalia nyumba ondokeni mapema, kwa sababu namba za nyumba pia zinachanganya. Barabara nyingi za zamani zinahesabiwa kwa mzunguko: namba zinapanda upande mmoja hadi mwisho, kisha zinarudi upande wa pili. Namba 12 inaweza kutazamana na 140. Barabara nyingine zina shufwa upande mmoja na witiri upande wa pili. Vibao vya kona vya majina ya barabara vinaonyesha namba za kipande hicho, visomeni kabla ya kuanza kutembea.

Nyumba za maghorofa kwa kawaida hazina namba ya mlango. Mnatambulika kwa jina la ukoo kwenye kengele na kisanduku cha barua. Siku mnayopewa funguo bandikeni majina yote mawili kama mnatumia tofauti, hata kwa karatasi na gundi, kabla ya kuhamisha mzigo. Tarishi asipoliona jina anarudisha barua, na barua za kwanza ndizo muhimu: namba ya kodi ya mapato, bima ya afya, kadi ya benki. Jengo likiwa na ua, andikeni pia Vorderhaus (nyumba ya mbele), Seitenflügel au Hinterhaus na ghorofa. Ghorofa ya kwanza kwa Wajerumani ni ile iliyo juu ya ile ya chini, kwa hiyo "3. OG" ni ya nne ukihesabu na ile ya chini. Kama hakuna lifti na mna kigari cha mtoto, ulizeni mapema kama kinaruhusiwa kuachwa chini ya ngazi.